Baba mdogo anataka tumwekee mtego fataki wa mtandaoni na kumrekodi. Nishaurini kabla ya Jumamosi

#1 Shangazi wa Rangi Tatu

Wanajukwaa hamjambo. Naandika mikono inatetemeka, mnisamehe nikiruka maneno.

Naishi na binti wa kaka yangu hapa Mbagala. Ana miaka 14, yuko kidato cha pili. Baba yake yuko Songea, alimleta kwangu asome. Wiki iliyopita simu yangu ilizima chaji, nikachukua ya kwake nimpigie muuza mkaa. Kabla sijabonyeza namba, meseji ikajitokeza juu ya kioo: "Umekula mke wangu?"

Nikafungua. Ni miezi mitatu ya kuchati. Jamaa jina ni la utani, picha ni ya gari. Mwanzoni ni salamu na maswali ya shule, na bando la elfu moja moja. Katikati ananisema mimi: "Huyo shangazi yako hakuelewi, anakuona bado mtoto." Mwishoni anaomba picha, na sasa anataka waonane. Kila baada ya meseji mbili anamkumbusha afute. Binti kwa uvivu wake hafuti, na kwa mara ya kwanza nimemshukuru Mungu kwa uvivu wa mtoto huyu.

Sikumpiga. Siku mbili sikusema kitu, nilikuwa namwangalia tu akiosha vyombo. Kosa nililofanya ni kumwambia mdogo wangu, baba mdogo wake. Huyu anarekodi harusi na misiba, na ana chaneli yake YouTube. Ameshiba vipande vya yule Mmarekani Chris Hansen, mtangazaji wa televisheni aliyekuwa anawanasa watu wa namna hii mbele ya kamera. Mpango wake ndio huu: yeye ashike simu ajibu kama mtoto, amwambie jamaa kwamba Jumamosi saa nane mchana shangazi atakuwa kwenye kicheni pati. Jamaa akifika akute soda mezani. Akishakaa, baba mdogo anatoka chumbani na kamera. Amenunua mpaka taa ya duara.

Niseme kweli, kuna upande wa roho yangu unaotaka kuiona sura ya huyo mwanaume taa ikimwakia. Nishaurini.

#2 Mzee wa Kambi

Naweka kambi hapa. Pole dada.

#3 Jiwe la Pwani

Ushauri gani tena? Fanyeni! Hawa watu dawa yao ni aibu. Ukienda polisi utaambiwa njoo kesho, njoo keshokutwa. Mrekodini, mrusheni mubashara, mke wake aone, bosi wake aone. Kesho mafataki wengine kumi watazima simu. Mimi nachangia bando la kurushia.

#4 Mkwezi wa Dallas

Shangazi, shikamoo kama umri unaruhusu. Mimi niko Texas. Mji mdogo wa Murphy uko karibu na ninapokaa, na ndiko kile kipindi anachokipenda baba mdogo kilikojikwaa. Nakieleza kwa urefu kwa sababu vipande vya kwenye simu havionyeshi mwisho wake.

Kipindi kinaitwa To Catch a Predator, kilikuwa sehemu ya Dateline, kipindi cha habari cha televisheni ya NBC, kilianza 2004. Waliokuwa wanachati si waandishi wa habari. Ni kikundi cha kujitolea, Perverted-Justice, watu wazima wanaojifanya watoto wa miaka 12 hadi 15 kwenye vyumba vya kuchati vya enzi zile, Yahoo na AOL. Baadaye NBC ikawa inawalipa kama washauri. Nyumba ya kukodi, kamera zimefichwa, binti mzima mwenye sura ya kitoto anaita "ingia, nabadilisha nguo", halafu Hansen anatokea na karatasi za meseji zote. Nyumba mbili za mwanzo hakukuwa na polisi kabisa, jamaa alihojiwa akaondoka zake. Kuanzia California, 2006, ndipo polisi wakawa wanasubiri nje. Kule Riverside walikamatwa zaidi ya 50 kwa siku tatu. Kwa hiyo Jiwe la Pwani usidhani nasema wanaume hawakuwepo. Walikuwepo, foleni.

Murphy ni Novemba 2006. Siku nne, wanaume zaidi ya 20. Lakini mmoja alichati halafu hakuja. Alikuwa mwendesha mashtaka msaidizi wa kaunti ya jirani, miaka 56, alikuwa amejifanya kijana wa miaka 19. Kwa kuwa hakuja kwenye nyumba yenye kamera, kamera zikamfuata. Polisi wa kikosi maalumu wakaingia kwake mji wa Terrell, watu wa televisheni wako nje barabarani. Akajipiga risasi.

Dada yake akaishtaki NBC, akidai zaidi ya dola milioni 100. Mwaka 2008 jaji wa New York alikataa kuifuta kesi, akasema baraza la wazee wa mahakama linaweza kabisa kuona kwamba televisheni ilivuka mpaka, ikaacha kuripoti ikaingilia kazi ya polisi bila uangalifu. Wakamalizana nje ya mahakama mwaka uleule.

Na wale ishirini na ushee waliokuja na kukaa mezani? Mwendesha mashtaka wa Collin, kaunti ulipo mji wa Murphy, alikataa kuwapeleka mahakamani. Mengi ya mazungumzo yale hayakufanyika ndani ya kaunti yake, si kwa upande wa mwanaume wala wa chambo. Wakarudi nyumbani. Nyumba ya mwisho ya kipindi ilikuwa 2007, hakikuendelea.

Baba mdogo amekuonyesha sehemu ya soda mezani. Hiyo ya Collin hakukuonyesha.

#5 Jiwe la Pwani

Mkwezi, umeandika vizuri lakini mtu aliyejiua alijiua kwa sababu alikuwa na hatia. Machozi yangu nayaweka kwa watoto.

#6 Mkwezi wa Dallas

Sawa. Ila hatia yake haikupimwa na mtu, na kwenye meseji zile hakukuwa na mtoto hata mmoja. Kwa shangazi yuko mtoto, yuko jikoni. Hapo ndipo mnapotofautiana na NBC.

#7 Wakili wa Mtaani

Nitajibu kwa sheria ya Tanzania, kwa ufupi maana niko kwenye daladala.

Moja, huyo jamaa akilala na binti wa miaka 14, ni ubakaji hata binti akisema alikubali. Ndivyo sheria ilivyo tangu marekebisho ya makosa ya kujamiiana ya 1998, na adhabu yake inaanzia miaka 30. Kesi unayo nzito kuliko unavyodhani, usiivuruge.

Mbili, baba mdogo anataka kuandika kama binti. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta, na simu imo humo. Nia ni njema, nakubali. Sasa mwambie awe tayari kuieleza nia hiyo mahakamani wakili wa upande wa pili atakapomuuliza: "Maneno haya ya kumwita mteja wangu Jumamosi yaliandikwa na nani? Na haya ya wiki moja kabla?" Baba mdogo akishaandika mstari mmoja, meseji zote miezi mitatu zinaingia matope.

Tatu, hili wengi hawalijui. Kama kuna picha yoyote ya mtoto humo, ya utupu au ya kuelekea huko, USIITUME KWA MTU. Wala kwa kaka Songea, wala kwa baba mdogo, wala kwangu inboksi "nikuangalizie". Ukiisambaza kama ushahidi, umesambaza picha chafu ya mtoto, na sheria ileile inakugeukia. Usifute, usitume. Simu ilivyo ipelekwe Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Ukitaka kuongea na mtu kwanza, piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure.

Nne, ukirusha video mtaa mzima utajua binti ni nani. Utaziba sura yake, sawa. Utaziba na geti lako?

Nashuka.

#8 Ndugu wa Kigoma

Mimi naomba kuwa tofauti. Watoto wa siku hizi wamekomaa kuliko sisi. Huyo binti anajua kuchati usiku, anajua kuficha, anajua kuomba bando. Bibi yangu aliolewa na miaka 14 akalea watoto tisa. Leo tunamwita mtoto, kesho akikataa kuosha vyombo tunamwambia "wewe ni mtu mzima sasa". Tuamue moja.

#9 Jiwe la Pwani

Wewe ndiye mwenye picha ya gari nini?

#10 Ticha Zuhura

Jiwe, mwache. Ameuliza swali la maana kwa njia mbaya.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na ushauri nasaha wa wasichana niko nao mwaka wa kumi na moja. Ndugu wa Kigoma, darasani kwangu kuna binti wa miaka 14 anayeweza kukushinda kwenye mdahalo wa mada hiihii. Atakupangia hoja, atakutajia sheria, atakwambia "asiyejulikana usimpe namba". Binti huyohuyo saa tano usiku, chini ya shuka, moyo unamwenda mbio kwa sababu mtu amemwambia ni mzuri, hana mdahalo kichwani. Si kwamba ni mjinga. Ni vitu viwili tofauti na havikomai pamoja.

Mwaka 2005 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Gardner na Steinberg, waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta: taa ya njano imewaka, uendelee au usimame? Wakiwa peke yao, wa miaka 13 hadi 16 hawakupishana na watu wazima. Wakiwekewa marafiki nyuma wanaowaangalia, wadogo wakawa wanajihatarisha karibu mara mbili, watu wazima wakabaki vilevile. Steinberg amekuja kueleza kwa miaka mingi kwamba uwezo wa kupima jambo kwa utulivu hufikia wa mtu mzima kwenye miaka 16 hivi, ila ule wa kujizuia damu ikichemka huchelewa sana, unaingia mpaka miaka ya ishirini. Mwaka huohuo wa 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta hukumu ya kifo kwa aliyetenda kosa kabla ya miaka 18, na hoja ya kutokomaa ilikuwa mezani.

Kuhusu bibi yako: aliolewa na wazazi wake wakikaa, mahari ikajadiliwa mchana. Sisifii. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu binti kuolewa na miaka 15, Mahakama Kuu ikasema 2016 vifungu hivyo vinapingana na Katiba, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo 2019. Ninachosema ni kwamba hata katika ubaya ule, bwana alijulikana ni mtoto wa nani. Huyu wa kwenye simu ana picha ya gari.

Sasa shangazi, swali langu ni kwako. Je, binti anajua huyo mtu ana umri gani?

#11 Shangazi wa Rangi Tatu

Ticha, umenigusa palepale. Anajua. Ameandikiwa kabisa, "Mimi nina 31". Nilidhani nitakuta amedanganywa kwamba ni kijana mwenzake, nikasoma na kurudia kutafuta uongo huo. Haupo. Jana usiku nilimuuliza kwa upole, akaniambia: "Ndiyo mkubwa, ndiyo maana ananielewa." Halafu akalia, akasema nisimfunge huyo mtu.

Sikujua niseme nini. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtoto aliyedanganywa.

#12 Ticha Zuhura

Ndivyo ilivyo mara nyingi, na ndiyo sehemu ambayo kipindi cha Hansen hakiwezi kuionyesha hata kikitaka.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha New Hampshire, Janis Wolak na wenzake, ulichapishwa 2008, wakati kile kipindi bado kiko midomoni mwa watu. Walikusanya kesi halisi zilizofika polisi, za watoto waliokutana na watu wazima kupitia intaneti. Waliojifanya vijana walikuwa asilimia 5 tu. Wengi walisema wazi ni watu wazima. Waathirika karibu wote walikuwa na miaka 13 hadi 17. Na katika waliokutana ana kwa ana, asilimia 73 walikutana zaidi ya mara moja. Zaidi ya mara moja, shangazi. Walirudi. Wengi walidhani wanapendwa.

Chambo cha televisheni ni mtu mzima aliyelipwa, hampendi yule mwanaume. Taa zikizimwa anakwenda nyumbani kwake. Hakuna wa kumbembeleza, hakuna anayesema "nisimfunge". Kwa hiyo watazamaji wanafundishwa kuogopa mtu wa kuvizia, halafu mtoto anaambiwa "usiongee na wageni", wakati huyu kwake si mgeni tena. Miezi mitatu ya "umekula?" Sisi nyumbani nani amemuuliza amekula kwa miezi mitatu mfululizo?

Samahani, sikukusudia kukuchoma.

#13 Shangazi wa Rangi Tatu

Umenichoma lakini endelea.

#14 Mja wa Kisauni

Mimi ni wa Mombasa, naingilia kidogo. Huku kwetu huyo wamwita sponsa, na mwenyewe yuwajiona mfadhili, ati amsaidia mtoto vocha.

Sheria yetu ya 2006 ni kali wallahi: mtoto wa miaka 11 kushuka chini, kifungo cha maisha. Wa 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa 16 na 17, si chini ya 15. Lakini nawapa la kufikiri. Machi 2019 majaji wetu wa Mahakama ya Rufaa walisema nchi ijadili kushusha umri wa kukubali uwe 16, kwa kuwa jela zimejaa vijana waliopendana na wasichana wa rika lao, wazazi wakashtaki. Nchi nzima ikawaka. Nami sikuafiki kushusha, nina mabinti. Ila kijana wa 18 na msichana wa 17 waliosoma darasa moja si kesi moja na mwanaume wa 31 na mtoto wa 14. Tukiwapiga wote rungu moja, watoto wataficha wote wawili. Mpwa wangu alificha wa rika lake, na ndani ya ficho hilohilo yule mkubwa akapata pa kujibanza.

#15 Mama Eliza Rotterdam

Niko Uholanzi. Kuhusu kufanya mtego wenyewe kwa wenyewe: Oktoba 2020 mji wa Arnhem, vijana, nasema vijana, wengine hawajafika miaka 18, walimvuta mzee wa miaka 73, mwalimu mstaafu, kwa kuchati naye wakijifanya mtoto. Wakampiga. Akafa. Polisi ikawaomba watu waache huo mchezo.

Na hapo ni Arnhem. Mbagala Jumamosi saa nane mchana, mtu mmoja akipaza sauti nje ya geti "fataki!", mnajua wenyewe nini kinafuata na tairi litatoka wapi. Binti atakuwa dirishani anaangalia.

#16 Jiwe la Pwani

Hilo la tairi sikulifikiria. Narudisha bando langu mfukoni.

#17 Baba Wawili

Uzi mzuri ila naona mnaongelea mabinti tu. Mimi nina wavulana wawili na nimeamka kwa sababu ya mkubwa.

Alipata ombi la urafiki Instagram kutoka kwa "msichana". Siku mbili tu, si miezi mitatu. Picha ikaja, akaombwa na yeye. Alipotuma, msichana akageuka: leta laki tatu la sivyo picha inakwenda kwa wafuasi wako wote, na orodha ya majina akaonyeshwa. Saa saba usiku alikuja kutuamsha. Mpaka leo sijui ni nini kilimpa ujasiri wa kugonga mlango ule. Nadhani ni kwa sababu mama yao aliwahi kuwaambia "hata ukiua mtu, njoo uniambie mimi kwanza".

Hatukulipa, maana ukilipa wanarudi. Tuliripoti akaunti, tukamblok, lakini tukahifadhi meseji. Haya si ya kufikirika. Julai 2024 kampuni ya Meta ilisema imefuta akaunti zipatazo 63,000 za Instagram zilizokuwa Nigeria kwa utapeli wa aina hii. Septemba mwaka huo ndugu wawili Wanigeria walifungwa miaka 17 na nusu kila mmoja huko Michigan, kwa kesi iliyohusu kijana wa miaka 17 aliyejiua saa chache baada ya kutishwa. Saa chache. Mtego wa kamera utauweka lini hapo?

Mwanangu mdogo yeye yuko kwenye Roblox, michezo ya mtandaoni ya watoto. Mwaka 2025 kampuni hiyo ilimfungia kijana mmoja wa YouTube, Schlep, aliyekuwa anawatega wanyemelezi humo na anasema baadhi walikamatwa kwa kazi yake. Wenye mchezo wakasema kujichukulia sheria kunahatarisha watumiaji. Watu wakakasirika kweli, na mwezi uleule jimbo la Louisiana likaishtaki Roblox kwamba hailindi watoto. Mimi nilikuwa upande wa kijana. Kama mwenye nyumba hafungi mlango, unamlaumuje anayepiga kelele? Lakini kwa shangazi ni tofauti, mlango ni wake mwenyewe.

#18 Mzee wa Kambi

Natoka kambini kidogo. Nani anakumbuka FATAKI ya redioni?

Kama 2008 hivi. Vipande vifupi vya redio, Fataki anamtongoza mwanafunzi, karibu atafanikiwa, halafu anatokea mtu wa kawaida tu anaingilia: jirani, mpita njia, yeyote. Fataki anaumbuka, tunacheka. Ndio tukaanza kuwaita watu fataki mitaani, mpaka leo mwenye uzi kalitumia neno bila kujua lilikotoka. Nilikuwa konda wa basi wakati huo, na nakwambia kuna mzee mmoja alikuwa akipanda na wanafunzi siti ya nyuma, siku moja abiria wakaanza kuimba "Fataki! Fataki!", akashuka kabla ya kituo.

Nimelinganisha na hawa Wamarekani wa Mkwezi. Kule wanasubiri jamaa afike mlangoni ndipo watoke, maana asipofika hakuna kipindi. Kwenye Fataki mtu alikuwa anaingilia kabla. Na hakuna aliyehitaji kamera, ilikuwa redio!

#19 Ndugu wa Kigoma

Nilikuwa nabisha, lakini Ticha kanikalisha kwenye hilo la mdahalo na shuka. Ila nasisitiza, msimnyang'anye simu mkadhani mmemaliza. Atatumia ya rafiki yake.

#20 Ticha Zuhura

Hapo tuko pamoja. Ukimnyang'anya umemfundisha kwamba kusema ukweli kunagharimu simu. Shangazi, kabla ya kwenda Dawati mwambie binti unakwenda, na kwa nini. Usimvizie. Keshaviziwa na mtu mmoja, anatosha. Na kaka wa Songea umwambie wewe kwa sauti, asipate kwa meseji ya ukoo.

#21 Shangazi wa Rangi Tatu

MREJESHO. Samahani nimechelewa, leo ni Jumanne.

Mtego haukufanyika. Baba mdogo alinuna, akasema nimemharibia "kontenti". Nikamsomea alichoandika Mkwezi kuhusu ile kaunti iliyowaachia wote, na ile ya Wakili kwamba meseji zitaingia matope. Hilo la matope ndilo lililomwingia.

Ijumaa jioni nilikaa na binti kitandani kwake. Nilimwambia kesho tunakwenda Dawati na simu yake. Alikasirika, akasema namharibia maisha. Sikubishana. Nilimuuliza tu kama huyo mtu aliwahi kumwomba asimwambie mtu yeyote. Akasema ndiyo. Nikamuuliza mimi nimewahi kumwomba hivyo. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikasikia jirani anafunga duka.

Dawati tulipokelewa na askari wa kike, aliongea na binti peke yake kwanza, mimi nikakaa kwenye benchi. Simu imebaki kwao. Na hapo ndipo lilipotoka jipya: huyo "wa mtandaoni" binti aliwahi kumwona. Aliwahi kufundisha tuisheni mtaa wa pili, likizo ya mwaka jana, wiki mbili tu. Namba alizipata kwenye daftari la mahudhurio. Mimi mwenyewe ndiye niliyelipia ile tuisheni, elfu kumi na tano.

Tangu Jumapili namba yake haipatikani. Polisi wanasema wanaendelea, sijui zaidi na Wakili amenikataza kuuliza hapa. Kaka Songea nilimpigia. Alifoka, akataka kumrudisha binti kijijini, akasema mjini kumemharibu. Hatujamalizana, atakuja mwisho wa mwezi.

Binti haongei na mimi. Anasalimia, anakula, anaosha vyombo, basi. Jana nimemuuliza amekula, akaniangalia kama mtu aliyesikia maneno hayo mahali pengine, nikajuta. Leo nimemuuliza vingine.

Ile taa ya duara bado iko sebuleni, baba mdogo hajaifuata. Binti anaisomea usiku.

#22 Mzee wa Kambi

Mwambie baba mdogo asiifuate.